Kabla hujatuma hela ya msingi: vipimo vya nyumba ya makazi Mbeya na Iringa kwa anayejenga akiwa nje

Simu za wanaojenga wakiwa nje huja na ramani tayari. Mtu yuko Minneapolis au Leicester, ramani ameinunua mtandaoni: vyumba vinne, sebule mbili, baraza la kuzunguka, gereji ya magari mawili. Swali lake ni moja tu, msingi utakula kiasi gani. Ukimuuliza kiwanja kina mita ngapi kwa ngapi anajibu, "Kikubwa tu, mama alikiona."

Kwa utaratibu ulivyo, kiwanja ndicho kinachoagiza ramani. Ukianzia kwenye ramani utalipa mara mbili: mara ya kwanza kwa mchoraji wa mtandaoni, mara ya pili kwa yule wa Mbeya atakayekaa chini kuikata ili iingie. Hiyo ni ukiwa na bahati. Asiye na bahati hulipia na kubomolewa.

Ajabu ni kwamba huko uliko mambo haya unayafahamu vizuri. Uingereza, mwenye nyumba iliyoungana na ya jirani akitaka kuongeza chumba kisicho cha ghorofa upande wa nyuma, akivuka mita 3 anaanza kuandikiana na halmashauri. Los Angeles walitunga kanuni mwaka 2008 ya kuwabana wanaobomoa nyumba ndogo na kuziba kiwanja kizima kwa jumba. Hakuna anayekwenda kununua nyumba huko bila kujua kwamba uani pana masharti. Ila mtu huyohuyo akituma hela Isyesye ya Mbeya au Kihesa ya Iringa, anadhani kwetu kila mtu anajenga anavyotaka. Sheria ya Mipango Miji ipo tangu 2007, ina kanuni zake za viwango, na mamlaka zina rangi nyekundu ya kuandika ukutani kwako.

Eneo unaloruhusiwa kujenga

Viwanja vya makazi hupangwa kwa ujazo: mkubwa, ambapo viwanja ni vidogo na vimesogeleana, wa kati, na mdogo, ambapo viwanja ni vipana. Kila ujazo una masharti yake ya mita za kuacha mbele, ubavuni na nyuma, sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa na jengo, na idadi ya ghorofa. Usichukue namba kwa rafiki aliyejenga Dodoma. Mpelekee afisa mipango miji wa halmashauri namba ya kitalu na namba ya kiwanja, akwambie masharti ya kiwanja hicho hasa, kwa sababu mchoro wa mipango miji wa eneo unaweza kuwa na sharti la peke yake. Kiwanja cha kona, kwa mfano, kinatazama barabara mbili, na mara nyingi unaacha nafasi ya mbele pande zote mbili.

Tufanye hesabu ya mfano. Kiwanja ni mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Tuseme umeambiwa uache mita 3 mbele, 5 nyuma, na 1.5 kila ubavu. Upana unabaki 17, urefu unabaki 22. Kinachobaki ni mita za mraba 374, na hapo bado sharti la sehemu ya kiwanja inayofunikwa halijaja. Kama ni nusu, jengo lako lote pale chini lisizidi 300. Sasa rudi kwenye ile ramani ya mtandaoni: ukijumlisha baraza, gereji na banda la uani la mdogo wako, utaona lipi linatoka.

Upenu ndio unaosahaulika kila mara. Kwetu upenu lazima uwe mpana, maana kuta ni tofali za kuchoma na mvua ya Mbeya inapiga kwa ubavu kuanzia Novemba hadi Aprili. Ukitoa upenu wa sentimita 90 kwenye ubavu wa mita 1.5, bati lako limebakiza sentimita 60 kufika mpakani. Jirani naye akifanya hivyohivyo, mabati mawili yameachana mita 1.2 na maji ya mapaa mawili yanaangukia ukanda mmoja, chini ya misingi yote miwili. Kwa hiyo gata zichorwe tangu mwanzo, pamoja na mahali maji yatakapotokea. Kesi nyingi za majirani ninazozisikia zinaanzia kwenye bomba la gata lililoelekezwa upande wa mwenzio.

Nyuma nako kuna kazi. Karo na shimo la maji taka vinakaa ndani ya mpaka wako, na gari la kunyonya lazima lifike au walau mpira wake ufike. Mtu aliyejaza kiwanja hadi nyuma anakuja kugundua siku karo limejaa kwamba mpira upite sebuleni.

Milima haijali ramani

Hapa ndipo ramani iliyochorwa kwa ajili ya ardhi tambarare inapokwama. Mbeya iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Loleza, na mitaa kama Iganzo imepanda kuelekea mlimani. Iringa mjini ni kilima chenye mawe. Ukiwa Gangilonga au Wilolesi unajenga kwenye mteremko, na chini ya sentimita chache za udongo unaweza kukutana na mwamba.

Kwenye mteremko, urefu wa nyumba huleta ubishi. Nyumba ambayo kwa juu, upande wa barabara, ni ya chini, kwa upande wa bondeni inasomeka ghorofa mbili. Ramani iwe na mkato, yaani mchoro wa nyumba kama imekatwa kwa kisu na kutazamwa ubavuni, unaoonyesha usawa wa ardhi ulivyokuwa kabla ya kuchimba, siyo usawa mpya baada ya kusawazisha kwa kijiko. Bila mkato huo, mkaguzi anahesabu kile anachokiona kutoka bondeni.

Nafasi ya ubavuni kwenye mteremko pia ina maana zaidi ya hewa na mwanga. Ukikata ukingo hadi mpakani ili upate sakafu bapa, umemwondolea jirani wa juu udongo uliokuwa umeshikilia msingi wake. Utahitaji ukuta wa kuzuia udongo, wenye matundu ya kutolea maji, na huo ukuta una gharama ambayo haimo kwenye bajeti ya "msingi". Nimeona msingi wa nyumba Mbeya ukila hela ya kupaulia, na sababu ilikuwa ukingo tu. Kwa anayetaka ghorofa: tuko ndani ya Bonde la Ufa, na tetemeko la Rukwa la 1910 linahesabiwa miongoni mwa makubwa yaliyowahi kupimwa Afrika Mashariki. Michoro ya nondo na zege ichorwe na mhandisi aliyesajiliwa, udongo upimwe kwanza. Hapo sina mjadala na fundi yeyote, hata awe mjomba.

Barabara, mito, na juu angani

Kuna mita ambazo siyo za halmashauri wala za jirani. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu, ule ukanda usioruhusiwa kujengwa, kutoka mita 45 hadi 60, yaani mita 30 kila upande ukipima kutoka katikati ya barabara. Barabara ya Tanzania na Zambia inapita Ipogolo chini ya Iringa, Mafinga, Makambako, Uyole, Mbeya, Mbalizi hadi Tunduma, na viwanja vya kando yake ndivyo vinavyotangazwa zaidi kwa watu wa nje: "kiko barabarani kabisa, bosi." Hicho kilicho "barabarani kabisa" kinaweza kuwa ndani ya hifadhi kweli. Pale Mbeya kuna mradi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29. Asiyepima kutoka katikati ya barabara asinunue huko. Zile barabara za mitaa zinazosimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, nazo zina hifadhi zake, ulizia.

Mto au kijito: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Vijito vinavyoshuka kutoka safu ya Loleza hukauka Septemba na watu wakaviuza kama viwanja. Ipogolo, ukingoni mwa Ruaha Mdogo, ni hivyohivyo. Tuma mtu akapaone Februari.

Karibu na kiwanja cha ndege, Songwe ya Mbeya au Nduli ya Iringa, urefu wa jengo una mwenyewe: Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa nyumba ya chini haitakusumbua sana, kwa ghorofa na mnara wa tenki la maji ulizia.

Habari ya fremu

Hii nitaisema taratibu kwa sababu ndiyo inayovunja ndugu. Umetuma hela ya nyumba ya kuishi. Dada yako au shemeji, kwa nia njema kabisa, anaona kiwanja kinatazama njia yenye watu, anapiga fremu tatu za maduka pale mbele ili zipate kodi ya kumalizia nyumba. Fremu hizo zimekaa ndani ya zile mita za mbele unazotakiwa kuziacha wazi, na zimegeuza kiwanja cha makazi kuwa cha biashara bila kubadilishiwa matumizi. Siku halmashauri inapopita na kuandika ukutani, inayosimamishwa ni ramani yote, pamoja na nyumba iliyofuata masharti nyuma yake.

Kama unataka fremu, sema mapema. Kuna utaratibu wa kuomba mabadiliko ya matumizi ya ardhi na kuna maeneo ambayo makazi na biashara vimeruhusiwa pamoja. Fremu ichorwe ndani ya ramani, nyuma ya mstari wa zile mita za mbele. Uzio wa ukuta nao uombee kibali. Watu wengi hudhani ni mapambo.

Kibali kinaanzia wapi

Kwanza jua halmashauri yako ni ipi. "Mbeya" ya mazungumzo ina zaidi ya moja: Mbalizi iko Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, siyo Jiji. Iringa hivyohivyo, kuna Manispaa na kuna Wilaya. Njombe, Makambako, Mafinga na Tunduma ni halmashauri za miji, kila moja na ofisi yake. Faili lililopelekwa ofisi isiyo yake hukaa hapo kimya.

Kabla ya kuchora chochote, fanya upekuzi rasmi wa hati kwa Msajili wa Hati. Karatasi ya mauziano yenye mhuri wa mwenyekiti wa mtaa inathibitisha kwamba mliuziana. Haithibitishi kwamba eneo limepimwa wala kwamba ni la makazi. Shamba la kijiji lenye hati ya kimila pale pembeni ya mji ni habari nyingine kabisa, usilipe hela ya kiwanja kwa shamba. Na kama umeshachukua uraia wa nchi nyingine, umiliki wa ardhi una masharti yake. Muone wakili kabla ya muuzaji.

Kwa kibali utahitaji ramani za jengo, za uimara kama ni ghorofa, uthibitisho wa umiliki, na risiti ya kodi ya ardhi ya mwaka. Maombi siku hizi yanapitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, jambo linalokufaa wewe uliye mbali, ingawa maafisa bado watakuja kukiona kiwanja kwa macho. Angalia tarehe kwenye hati yako: sharti la kawaida ni kumaliza kuendeleza ndani ya miezi 36, na kujenga kwa awamu kwa miaka minane kunakupita hapo. Hesabu pia majira. Msingi wa huku unachimbwa kiangazi, Mei hadi Oktoba, kwa hiyo maombi yaingie mapema mwaka, na siyo Septemba ukitegemea kuchimba Oktoba.

Siku ya kamba

Siku muhimu kuliko zote ni ile fundi anapopiga vigingi na kuvuta kamba kabla ya kuchimba. Siku hiyo omba ruhusa kazini, au amka usiku, uwe kwenye simu ya video. Anza na bikoni, lile jiwe la mpima linaloonyesha kona ya kiwanja: isafishwe, namba yake isomwe, ulinganishe na ramani ya upimaji uliyonayo mkononi. Bikoni ikikosekana, kazi isimame na mpima aitwe. Jiwe alilokumbuka jirani halitoshi. Kisha futi ya kupimia ivutwe kutoka mstari wa bikoni mbili, siyo kutoka kwenye michongoma, hadi kwenye kamba ya ukuta wa nje. Mwambie anayeshika simu aonyeshe sifuri ya futi kwanza, halafu namba ya mwisho, bila kukata video. Pande nne. Malizia na mishazari miwili ya nyumba. Ikilingana, pembe zimenyooka.

Hapo ndipo fundi atakapokwambia, "Bosi, tukisogeza nusu mita tu sebule inakuwa kubwa zaidi." Mjibu hapana. Kibali kimetaja vipimo, na nusu mita hiyo ndiyo upenu, ndiyo gata, ndiyo njia ya gari la karo.

Anayekusimamia awe na hati ya uwakilishi iliyosainiwa mbele ya ubalozi au mthibitishaji wa huko uliko, na kama itagusa hati ya ardhi, isajiliwe kwa Msajili. Iandike kwa kazi maalumu: kuomba kibali, kupokea barua za halmashauri, kusimamia ujenzi kwa ramani iliyoidhinishwa. Usiandike "kufanya lolote". Kibali na ramani yenye mhuri vibaki nakala pale saiti, nakala kwa mwakilishi, na picha zake kwenye simu yako, ili mkaguzi akifika wakati mwakilishi yuko shambani Rungwe, utume wewe.