Sanduku la Kiota kwa Nyumba ya Mlimani: Kuliunda, Kulitundika na Kulitazama

Ndege wengi wadogo hawajengi viota matawini. Hutafuta pango kwenye mti: shimo lililoachwa na kigong'ota, ufa kwenye shina, tawi lililooza kiini. Miti mikuukuu ikikatwa kuzunguka nyumba, mapango hayo huisha, na ndege wanaoyahitaji huondoka hata kama wadudu wa kula wamejaa tele. Sanduku la mbao huziba pengo hilo likiundwa vizuri. Likiundwa vibaya huwa mtego: makinda huiva kwa joto, hulowa maji au huliwa wakiwa hawana pa kukimbilia. Kwa hiyo fuata vipimo kwa rula, usikisie kwa jicho.

Kiangazi ni wakati mwema wa kazi hii kwa sababu mbao zimekauka na unaweza kufanyia kazi nje. Lakini usitegemee wapangaji wiki ileile. Sanduku lililotundikwa katikati ya msimu wa kuzaliana mara nyingi hukaa tupu mpaka msimu unaofuata, na hakuna ubaya: mbao hupoteza harufu ya msumeno, na ndege hulizoea. Tena joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1000 unazopanda, hivyo usiku wa mlimani ni baridi hata kiangazi, na wako ndege watakaoingia humo kulala tu.

Mbao

Tumia mbao halisi zenye unene wa sentimita 2. Mbao nyembamba kuliko sentimita 1.5 hazizuii joto la mchana wala baridi ya usiku, nazo hupinda baada ya mvua chache. Plaiwudi ya kawaida huachana matabaka, chipubodi huvimba na kumomonyoka. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa au kuoza zisiguse sehemu ya ndani kabisa. Upande wa ndani usipigwe randa wala msasa. Ule ukwaruzo ndio ngazi ya makinda.

Unahitaji ubao wa upana wa sentimita 15 na urefu wa sentimita 125, pamoja na kipande kingine cha upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 23 kwa ajili ya paa. Kutoka ubao mrefu kata vipande hivi: ubao wa nyuma sentimita 37, ubao wa mbele sentimita 22, sakafu sentimita 11, na kipande kimoja cha sentimita 49 kitakachotoa mbavu mbili.

Hicho cha sentimita 49 ndicho huwachanganya watu, kwa hiyo kiangalie kwa makini. Kilaze mbele yako. Kwenye ukingo wa juu pima sentimita 27 kutoka mwisho wa kushoto, weka alama. Kwenye ukingo wa chini pima sentimita 22 kutoka mwisho uleule wa kushoto, weka alama. Unganisha alama hizo kwa mstari wa mshazari, kisha kata. Umepata mbavu mbili zinazolingana, kila moja ina ukingo mrefu wa sentimita 27 utakaokaa nyuma na mfupi wa sentimita 22 utakaokaa mbele. Mteremko wa paa tayari umo ndani yake.

Tundu

Tundu huamua nani ataingia. Kipenyo cha sentimita 2.8 kinawatosha ndege wadogo sana na kuwazuia wakubwa. Sentimita 3.2 ni kwa ndege wa ukubwa wa shomoro. Kwezi na wenzake wanataka kama sentimita 4.5, lakini hao wanahitaji pia sanduku kubwa zaidi, lenye sakafu ya karibu sentimita 15 kwa 15. Usitoboe tundu kubwa kwenye sanduku dogo ukidhani umewafadhili. Kwanza jua ndege gani wa mapangoni wanaishi karibu nawe, halafu ndipo uchague.

Ukingo wa chini wa tundu uwe sentimita 15 kutoka chini ya ubao wa mbele. Sakafu ikishawekwa, tundu litakuwa sentimita 12.5 juu yake. Likiwa chini zaidi ya hapo, paka au kicheche huingiza mkono na kuyafikia makinda. Toboa kwa drili huku ukiwa umebana kipande cha mbao chakavu nyuma ya ubao, maana bila hicho upande wa pili huchanika. Lainisha kingo za tundu kwa msasa au tupa. Hapo ndipo manyoya husuguliwa mamia ya mara kwa siku.

Upande wa ndani, chini ya tundu, chora kwa msumeno mistari ya mlalo yenye kina cha milimita 2, ikiachana sentimita 1. Kinda akiwa tayari kuruka hupanda kwa kucha zake kwenye mistari hiyo. Upande wa nje usiweke kijiti cha kutua. Kinapendeza machoni, lakini ndege wa mapangoni hawakihitaji, na anayefaidika ni adui anayepata pa kusimama huku akichokora ndani. Kama eneo lina kindi au vigong'ota wanaopanua matundu, zungushia tundu kipande cha bati chenye tundu la kipenyo kilekile, kingo zake zikiwa zimepigwa tupa zisikate.

Kuunganisha

Toboa matundu 4 ya milimita 6 kwenye pembe za sakafu ili maji yatoke. Kisha toboa matundu 2 ya ukubwa huohuo karibu na juu ya ubavu utakaokazwa, hewa ipite. Kila skrubu itanguliwe na tundu jembamba la drili, hasa karibu na ncha za mbao. Ubao mkavu ukilazimishwa skrubu bila kutobolewa hupasuka kufuata nyuzi zake, na ufa huo utaingiza maji miaka yote.

Simamisha ubavu mmoja kwenye ubao wa nyuma, ukianzia sentimita 5 kutoka chini. Kaza kwa skrubu za urefu wa sentimita 4 zilizopakwa zinki zisishike kutu. Weka sakafu ikiwa imeinuka nusu sentimita juu ya ukingo wa chini wa ubavu. Ikilingana na ukingo, maji yanayochuruzika nje hunywewa na ncha za mbao na sakafu huoza kwanza. Halafu kaza ubao wa mbele. Kabla ya kuukaza, piga randa ukingo wake wa juu kufuata mteremko wa mbavu. Usipofanya hivyo paa litakaa juu ya ukingo huo peke yake na kuacha mwanya kwenye mbavu.

Ubavu wa pili ndio mlango, nao haukazwi kwa skrubu za kawaida. Upunguze milimita 3 juu na milimita 2 kwenye upana, kwa sababu mbao huvimba kwenye unyevu na mlango uliobana leo hautafunguka baada ya mvua. Uweke mahali pake, kisha pigilia msumari mmoja kupitia ubao wa mbele na mmoja kupitia ubao wa nyuma, yote miwili ikiwa sentimita 19 kutoka ukingo wa chini wa ubavu. Misumari hiyo ndiyo bawaba. Ikitofautiana kimo hata kwa milimita chache, mlango utakwama. Chini, funga kwa skrubu moja inayotolewa kwa bisibisi. Ndoano nyepesi haitoshi; wanyama wenye vidole stadi huifungua.

Paa likazwe likitokeza sentimita 5 mbele na sentimita 2.5 kila upande. Pale linapokutana na ubao wa nyuma, pigilia kipande cha mpira wa tairi la ndani la baiskeli kifunike mwanya. Ndani usipake chochote. Nje unaweza kupaka mafuta ya kitani, kisha liache likauke mpaka harufu iishe. Rangi nyeusi iepukwe: jua la mlimani ni kali kuliko la bondeni kwa sababu hewa iliyo juu yake ni nyembamba, na sanduku jeusi hugeuka tanuri.

Mahali pa kulitundika

Kimo cha mita 2 hadi 4 kinafaa. Tundu lisielekee upande unaoleta mvua na upepo, wala jua la mchana lisilipige moja kwa moja. Kivuli cha alasiri ndicho muhimu zaidi. Liinamishe kidogo mbele ili mvua isimwagikie ndani. Mbele ya tundu pawe wazi mita kadhaa, pasiwe na tawi la karibu la kumbeba paka. Kwenye mti ulio hai tumia ukanda au waya uliopitishwa ndani ya kipande cha bomba la mpira, na uulegeze kila mwaka, maana shina linanenepa na waya hulikaba.

Nyumba nyingi za mlimani zina madirisha makubwa yanayotazama bonde, na kioo hicho huua. Ndege huona mti na anga vilivyoakisiwa, akalenga humo. Picha moja ya mwewe iliyobandikwa katikati haisaidii kitu. Kinachosaidia ni vidoa vidogo upande wa nje wa kioo, vikiachana sentimita 5 kila upande, juu hadi chini. Fanya hivyo kabla ya kutundika sanduku. Huna haki ya kuwaita ndege mahali ambapo kioo kitawavunja shingo.

Maji badala ya chakula

Kiangazi wadudu na mbegu ni vingi, na makinda hulishwa viwavi zaidi ya kitu kingine. Chakula cha kutundikwa si lazima, na palipo na dubu ni hatari: dubu aliyezoea kula uani hurudi, na mara nyingi mwisho wake ni kupigwa risasi. Weka maji. Sahani ya udongo yenye kina cha sentimita 3 hadi 5 na uso wa kukwaruza inatosha. Ikiwa laini, weka mawe bapa ya kushika kwa miguu. Iwe mita 2 au 3 kutoka kichakani, karibu kiasi cha kukimbilia, mbali kiasi kwamba paka hawezi kuvizia. Badilisha maji kila siku na usugue kwa brashi bila sabuni. Yakikaa wiki nzima utakuwa unafuga mbu.

Kutazama

Darubini iliyoandikwa 8×42 inafaa kwa kazi hii: inakuza mara 8, na lenzi zake za mbele zina kipenyo cha milimita 42, hivyo inaona vizuri alfajiri na jioni. Zenye kukuza mara 12 hutikisika mkononi. Wengi huzitumia bila kuzirekebisha, halafu hulalamika kwamba macho yanauma. Kunja au panua darubini mpaka uone duara moja. Fumba jicho la kulia, lenga kitu kisichosogea, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione sawasawa. Sasa fumba la kushoto na uzungushe pete iliyo kwenye jicho la kulia tu, bila kugusa gurudumu. Kumbuka alama ya pete hiyo. Kuanzia hapo utatumia gurudumu peke yake.

Kaa mita 10 au zaidi kutoka kwenye sanduku, nyuma ya pazia la gunia lenye upenyo wa sentimita 25 kwa 10 usawa wa macho. Pazia lisipepee, kwa kuwa ndege huogopa kitu kinachotikisika kuliko kitu kikubwa kilichotulia. Saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza ndizo zenye shughuli nyingi, na mlimani ngurumo za kiangazi huja mara nyingi alasiri. Muda kati ya umeme na ngurumo ukiwa chini ya sekunde 30, ingia ndani.

Mdomo wa ndege hukueleza yaliyomo bila kufungua mlango. Akibeba nyasi au unyoya, anajenga. Dume akileta chakula na jike haonekani, huenda jike anatamia. Wote wawili wakiingia na viwavi, mayai yameanguliwa. Ukiona mzazi anatoka na kitu cheupe kama kifuko kidogo cha utelezi, hicho ni kinyesi cha kinda, anakwenda kukitupa mbali. Andika tarehe, saa, hali ya hewa na idadi ya safari za kulisha katika dakika 30.

Mzazi akisimama tawini na chakula mdomoni huku akipiga kelele bila kuingia, uko karibu mno. Rudi nyuma mara moja. Kila dakika unayobaki, makinda wanakaa na njaa na adui anaelekezwa kiotani. Ukiona haja ya kufungua mlango, isizidi mara moja kwa wiki, na gonga ubavu polepole kwanza ili mzazi atoke. Usifungue kabisa makinda wakishaota manyoya kamili, kwa sababu huruka kwa hofu kabla ya wakati. Kinda mwenye manyoya anayerukaruka chini hajatelekezwa. Mwache, fungia paka ndani, wazazi wanamlisha.

Msimu ukiisha na sanduku likiwa tupu wiki kadhaa, vaa glavu na barakoa, toa kiota chote, mwagia maji yanayochemka kuua viroboto, kisha liache wazi likauke kabisa kabla ya kulifunga. Usitumie dawa ya wadudu. Katika nchi nyingi sheria inalinda kiota kinachotumika, kwa hiyo hakikisha hakuna uzao wa pili ndani kabla hujagusa chochote.