Damu ya ng'ombe siyo hedhi: jinsi ya kushika joto bila kupoteza siku 21

Mimi nafuga ng'ombe watatu hapa Busia upande wa Uganda, hawa wa kizungu waliochanganywa, ziro grezingi, yaani nawafungia bandani nawaletea majani, nyuma ya nyumba, na kwa ujinga wangu mwenyewe nilipoteza miezi miwili ya maziwa hivi hivi. Kila nikiona damu kidogo kwenye mkia nampigia simu musawo wa mbegu, yaani daktari wa kupandisha kwa mrija, njoo haraka joto limefika, ng'ombe anataka dume, anakuja na boda na mtungi wake wa mbegu, anaweka, nalipa, wiki tatu baadaye ng'ombe anarudia. Tena damu, tena boda, tena pesa. Mara ya tatu jirani yangu, mzee wa Kinyankole aliyekulia kwenye ng'ombe wale wa pembe ndefu, akasimama kwenye uzio akanitazama, akasema, "Mwanangu, soko lishafungwa, wewe ndo unakuja na kapu."

Kumbe nilikuwa namsoma ng'ombe kama ninavyomsoma mwanamke. Na sio mimi peke yangu, wengi tunafanya hivyo.

Mwanamke kila mwezi mfuko wake wa uzazi unajitandikia utando kungoja mimba, mimba isipoingia utando unabomoka na kutoka, hiyo ndo hedhi. Yai lenyewe linatoka kwenye ovari yapata siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo damu na yai viko mbalimbali kabisa, na hakuna dalili ya nje inayopiga kelele kwamba leo ndo leo. Ng'ombe yeye hana hedhi. Siku za joto homoni ya estrojeni inapanda, mishipa midogo ndani ya mfuko inajaa damu, homoni ikishuka ile mishipa midogo inapasuka na damu inavuja kidogo, siku 1 mpaka 3 baada ya joto kuisha. Ukiiona ujue yai lishatoka na lishakufa, maana yai la ng'ombe linaishi masaa tu. Tena hiyo damu haikwambii kama ameshika au hajashika, inakwambia tu kwamba joto lilipita. Lakini usiitupe hiyo habari! Andika tarehe ukutani, hesabu siku 18, halafu anza kuamka mapema, maana mzunguko wake ni kama siku 21, wengine 18 wengine 24.

Sasa unatafuta nini. Dalili ya kweli ni moja, anasimama akipandwa na mwenzake. Yule anayepanda juu anaweza kuwa na joto au anacheza tu, yule aliyetulia chini bila kukimbia ndo wako. Hapo kwenye kusimama huwa ni masaa 12 mpaka 18 hivi na mara nyingi inaanza usiku au alfajiri, ndo maana wewe unayeamka saa mbili ukapiga chai kwanza unasema ng'ombe wako haingiagi joto. Mimi saa kumi na moja niko bandani na tochi. Kama una ng'ombe mmoja tu hana wa kumpanda, basi angalia nyuma: uke umevimba kidogo na kuwa mwekundu, na ute unaning'inia, mweupe wa kupitisha mwanga kama ute wa yai bichi, ukiushika kati ya vidole viwili unavutika mrefu bila kukatika. Ukiwa mzito na wa njano unaonuka, huo siyo joto ni ugonjwa, ita dokta. Halafu analialia, majani anayachezea, maziwa yanapungua asubuhi hiyo, na manyoya karibu na mkia yamevurugika kama kuna mtu kakalia.

Ukishaona, usikimbie palepale. Umemwona asubuhi anasimama, pandisha jioni. Umemwona jioni, pandisha kesho asubuhi mapema. Sababu ni hii, yai linatoka masaa kama 10 au 12 baada ya joto kuisha, na mbegu ya dume nayo haiwezi kazi ikifika tu, inahitaji masaa kadhaa ndani ya njia ya uzazi ndo iive, halafu inaishi siku moja na kidogo. Ukiwahi sana mbegu inachoka kabla yai halijaja, ukichelewa yai linakufa likingoja. Kwa binadamu hesabu ni tofauti, mbegu inaweza kukaa hata siku 5 ndani ya mwanamke, yai siku moja tu, ndo maana wanaojidai wanahesabu siku za kalenda wanashtukia mtoto.

Siku ya musawo, simama pale uangalie, ni ng'ombe wako. Mbegu inakaa kwenye maji ya naitrojeni, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, akitoa mrija wa mbegu anatakiwa auyeyushe kwenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi 35 mpaka 37, nusu dakika au zaidi kidogo. Ukimwona anaupasha kwapani au mdomoni, mwulize. Mkono mmoja unaingia kwenye njia ya mavi kushika mlango wa kizazi kwa ndani, mwingine unapitisha bomba ukeni, mlango una pete tatu au nne ngumu na hapo ndo wanafunzi wanatoka jasho, akishavuka ya mwisho anaachia mbegu hapo hapo mwanzo wa mfuko.

Kama unatumia dume, mwangalie pia, wanaume tunapenda kulaumu jike. Makende yananing'inia nje kwa sababu mbegu zinataka ubaridi kuliko mwili, na mbegu moja inachukua kama siku 61 kutengenezwa kwa fahali, kwa mwanaume ni miezi miwili na zaidi. Kwa hiyo dume akipata homa kali leo, madhara unaweza kuyaona wiki kadhaa mbele wakati ameshapona anang'aa. Na wale wanaofukuza mke kwa kuzaa wasichana, jamani, anayeamua jinsia ni mbegu ya baba, kwa watu na kwa ng'ombe pia. Kwa kuku ndo kinyume, anayeamua ni tetea.

Wanyama wengine kwa haraka: nguruwe naye ni siku 21, bonyeza mgongo kwa nguvu, akiganda kama gogo yuko tayari. Sungura hana siku, yai linatoka baada ya kupandwa, mpeleke jike kwa dume, usimpeleke dume kwa jike maana jike atapigania nyumba yake.

Na ng'ombe akizaa pacha, dume na jike, huyo jike usimwekee matumaini, damu zao zilichanganyika tumboni na zaidi ya 9 kati ya 10 huwa tasa.

Baada ya kupandisha hesabu tena siku 18 mpaka 24, ukae macho. Asiporudia usishangilie bado, kuna joto la kimya lisiloonyesha dalili, mwite dokta apime kwa mkono kwenye siku ya 60. Akisema yumo, hesabu siku 283 tangu siku ya mbegu, na miezi miwili kabla ya hapo acha kumkamua hata kama bado anatoa lita nzuri. Wangu wa pili ameshika, nilimpandisha jioni baada ya kumwona alfajiri, na mzee wa uzioni ameshadai maziwa ya kwanza.