Somo: Kufundisha Vita kwa Ripoti Moja ya Mwanahabari

Walimu wenzangu, somo hili nimelifundisha katika darasa la sekondari hapa Mombasa, na ninaliandika kwa sababu watoto wetu huona vita kila siku kwenye simu bila mtu wa kuwaeleza wanachokiona.

Hatua ya kwanza ni kuchagua ripoti moja tu, na kuipa vipindi viwili. Mimi hutumia ile ya njaa ya Korem, kaskazini mwa Ethiopia, iliyopigwa picha na Mkenya mwenzetu Mohamed Amin akiwa na mtangazaji Michael Buerk, ikaonyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984. Itazame peke yako kwanza hadi mwisho. Kuna maiti ndani yake, na ni haki ya wanafunzi kuambiwa mapema.

Hatua ya pili, zima sauti. Watazame dakika mbili, kisha kila mmoja aandike alichokiona, si alichohisi: kamera imesimama wapi, nani yuko karibu, nani hatumwoni kabisa. Hapa usiharakishe. Mwaka jana msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hata mkono huwa hainui, aliniletea karatasi yenye mstari mmoja: “Ni nani aliyewazuia kula?” Niliusoma mstari ule mbele ya darasa, na kipindi chote kilichobaki tulikitumia kumjibu.

Kumjibu ndiyo hatua ya tatu. Ukame ulikuwapo kweli, lakini serikali ya Mengistu Haile Mariam, mtawala wa Ethiopia wakati huo, ilikuwa vitani na wapiganaji wa Tigray na Eritrea, na ndege zake zilishambulia masoko ya Tigray, hata nafaka ikashindwa kutoka palipokuwa na chakula kwenda palipokuwa na njaa. Gawa ubao mara mbili, kinachoonekana na kisichoonekana, wanafunzi wajaze wenyewe. Hata hivyo, wasitoke darasani wakimdharau Amin; picha zake ndizo zilizoamsha misaada, na mwaka 1991 alipokatika mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, alirudi kazini.

Mwisho, kila mwanafunzi aandike swali moja ambalo angemuuliza mtu aliyemwona pichani.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Darasani kwangu wamo watoto ambao wazee wao walikimbia vita vya Somalia, wakakaa kambi ya wakimbizi ya Utange, karibu na Mombasa. Niwaombe wasimulie?

Jibu: Marahaba. Usiwaombe mbele ya wenzao. Zungumza na kila mmoja kando, siku moja kabla, umweleze kitakachoonyeshwa na umpe ruhusa ya kutohudhuria. Mwanafunzi wangu mmoja alichagua kukaa maktaba. Kipindi cha pili alikuja mwenyewe, akaketi karibu na mlango, nami sikumuuliza neno.

Swali: Mwalimu, wavulana huniletea video za vita vya Sudan walizotumiwa kwenye simu. Zinafaa kufundishia?

Jibu: Zinafaa mkianza kwa kuzichunguza. Vita hivyo, baina ya jeshi la Sudan chini ya Jenerali Burhan na wapiganaji wa kikosi cha RSF chini ya Hemedti, vilianza tarehe 15 Aprili 2023, kwa hiyo video iliyokuwa mtandaoni kabla ya siku hiyo si ya vita hivyo, hata ikiwa imeandikwa Khartoum kwa herufi kubwa. Wasome vibao vya maduka, wasikilize lugha inayozungumzwa, watafute aliyeirusha kwanza. Ikishindikana kujua mahali na tarehe, msiionyeshe darasani.