Kwenda Kuogelea Jambiani: Anza na Mwezi, Halafu Tiketi

Kila mgeni anayeniambia anataka kwenda Unguja kuogelea, namuuliza kwanza ni tarehe ngapi za mwezi mwandamo. Bei ya chumba baadaye. Pwani ya mashariki, kuanzia Bwejuu na Paje mpaka Jambiani kwa shangazi yangu, maji yakipwa hukimbia mbali sana, ukabaki unatazama mchanga, mawe na madimbwi. Watu hufika saa hiyo wakadhani wametapeliwa.

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa sana mnamo saa kumi jioni. Kwa hiyo asubuhi tembea, jioni oga. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayaendi mbali wala hayajai sana, na hujaa asubuhi. Kila siku saa husogea mbele kwa kama dakika hamsini, basi ukishajua ya leo, ya kesho unayo. Ukitaka kuogelea bila kuhesabu, nenda Nungwi au Kendwa, kaskazini, ambako maji hayakimbii hivyo.

Mimi bado nitakwambia uende Jambiani, na uende siku za bamvua. Ndizo siku za kazi. Tangu 1989 wanawake wa pwani hii wanalima mwani, na maji yakikauka utawaona wameinama kwenye mistari ya vigingi na kamba, wengine wakisaka pweza mwambani. Pita pembeni ya mashamba hayo. Kamba moja ukiikanyaga umekata mapato ya mtu. Salimia kwanza, shikamoo kwa mama mkubwa, na picha uombe. Ukikataliwa, shukuru upite. Vaa viatu vya mpira, kwani mawe yana viumbe vya miiba myeusi inayovunjikia nyayoni. Usisubiri maji yakufike magotini ndipo urudi: hujaza mifereji iliyo nyuma yako kwanza.

Boti kutoka Dar huchukua kama saa mbili. Mtanzania, beba kitambulisho ulipe nauli ya mwenyeji. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, bahari huchafuka. Kaa chini, katikati ya boti, na usipande na njaa. Masika, Machi hadi Mei, vyumba huwa nafuu lakini mvua haina adabu. Mjini panda daladala 309 ya Jambiani. Ya Nungwi ni 116. Nguo ya kuogelea ni ya ufukweni tu. Ukiingia kijijini, hata dukani kununua maji, jifunge kanga, na mwanamume avae shati.

Chakula cha usiku agiza mchana, hasa pweza wa nazi, maana hupikwa taratibu na huisha mapema.