Kufundisha Mbele ya Wanachuo Wenzako: Namna ya Kujiandaa kwa Dakika Kumi

Zoezi la wanachuo wa ualimu kufundisha kipindi kifupi lilianza mwaka 1963 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Ugumu wa kulifanya mbele ya wanachuo wenzako ni kwamba waliokaa madawatini wanalijua jibu. Mara yangu ya kwanza nilifundisha Hisabati ya Darasa la Pili, kutoa kwa kuchukua, na wenzangu wakajibu kila swali kwa sauti moja kabla sijafungua hata fungu moja la vijiti kumi vya kuhesabia. Nilidhani nimefaulu, hadi mkufunzi aliponiuliza ni nani aliyejifunza.

Kwanza, chagua stadi moja ya kufanyia mazoezi, kwa mfano kuuliza maswali. Andalio kamili la somo, kuanzia utangulizi na maarifa mapya hadi hitimisho, halienei katika dakika kumi, na anayelilazimisha huishia kukimbia.

Pili, na hapa ndipo penye kazi, gawa makosa. Kabla ya kipindi, wape wenzako wawili vikaratasi vyenye makosa ambayo watoto huyafanya kweli. Kwa 42 – 17, wa kwanza atoe 2 kwenye 7, kwa kuwa 7 ni kubwa, kisha 1 kwenye 4, atapata 35. Wa pili achukue kumi vizuri, apate 12 – 7 = 5, lakini asahau kwamba 4 imebaki 3; naye atapata 35. Jibu ni lile lile ilhali tatizo ni tofauti, kwa hiyo ukiandika 25 ubaoni na kuendelea, hutamsaidia yeyote kati yao. Muulize kila mmoja amefikaje hapo, kisha mpe vijiti aonyeshe.

Ubaoni, andika kwa herufi kubwa na usimame pembeni.

Mwisho, omba maoni ya maandishi. "Hongera, umejitahidi" ni adabu njema isiyokufaa kitu. Waombe waandike swali uliloliuliza na muda uliongoja kabla ya kulijibu mwenyewe. Rekebisha andalio, kisha fundisha tena kwa kikundi kingine. Katika zamu yangu ya pili, dakika kumi ziliisha mwenzangu akiwa bado anafungua fungu la vijiti, nami nikiwa sijalifikia hitimisho, lakini mkufunzi hakulalamika.