Yakgwa: biskuti za asali za Kikorea, na jinsi mikono yangu ilivyofundishwa kutulia

Seonsaengnim, yaani mwalimu, alinimiminia asali kwenye bakuli la unga, akasogea kumhudumia jirani yangu, na aliporudi alinikuta nimekunja mikono ya gauni, nakanda. Nakanda kwelikweli, kwa kiganja, namna nilivyofunzwa nyumbani Tanga tangu nina miaka tisa. Akanishika kifundo cha mkono. Hakunigombeza, alilichukua bakuli langu taratibu, akaliweka kando, akanipa jingine lenye unga mkavu. "Tuanze tena," alisema.

Kama nawe umekulia kwenye kaimati, visheti na maandazi, darasa la yakgwa litakuchosha kwa namna usiyoitarajia. Si kwamba ni kazi ngumu. Ni kwamba kila kitu ambacho mkono wako unakijua, hapa ni kosa. Unga haukandwi. Mafuta hayachemki. Na ukishamaliza kukaanga, bado huli. Nimeandika haya kwa anayetaka kwenda darasani akiwa Seoul, na kwa anayetaka kujaribu jikoni kwake kwa vipimo nilivyoondoka navyo.

Yakgwa ni nini? "Yak" ni dawa, "gwa" ni kitamu cha aina ya biskuti au tunda. Wakorea wa zamani waliihesabu asali kuwa dawa, ndiyo maana hata wali wao mtamu wenye asali unaitwa yakbap, wali wa dawa. Ni unga wa ngano uliofikichwa kwa mafuta ya ufuta, ukashikanishwa kwa asali, ukakaangwa, kisha ukalowekwa kwenye shira hadi ukashiba. Haikauki kama biskuti za dukani. Ukiing'ata inakubali, halafu inavutika kidogo, na tangawizi inakuja mwishoni. Utaikuta kwenye meza za jesa, ibada ya kuwakumbuka wazee waliotangulia, na kwenye sikukuu za Chuseok (ya mavuno) na Seollal (ya mwaka mpya), na kwenye harusi.

Darasa langu lilikuwa katika nyumba ya kizamani ya mbao, hanok, mtaa wa Bukchon, ulio kati ya makasri mawili, Gyeongbokgung na Changdeokgung. Unashuka treni kituo cha Anguk, njia namba 3, unapanda kilima kwa miguu. Viatu mlangoni. Vaa soksi nzima, maana nyayo zako zitaonekana kwa muda wa saa mbili na nusu. Kabla ya kulipa, uliza jambo moja tu: je, nitakaanga mwenyewe? Yapo madarasa ambayo unakata umbo, unapiga picha, kisha unakabidhiwa yakgwa zilizokwisha kukaangwa na mtu mwingine. Nilishaenda la namna hiyo, sitalitaja, na nilirudi nyumbani na picha nzuri na ujinga wangu wote. Beba pia chombo chenye mfuniko unaobana. Shira inavuja.

Sasa vipimo. Hivi vinatoa vipande ishirini hivi.

Unga wa ngano wa kawaida, gramu 200. Usitafute unga wa mkate, una mnato mwingi. Chumvi nusu kijiko cha chai, mdalasini wa kusaga nusu kijiko cha chai, na pilipili manga ya kusaga, kidogo tu cha kubana kwa vidole viwili. Mafuta ya ufuta vijiko vitatu vya chakula. Pembeni, kwenye kikombe, changanya asali vijiko vitatu vya chakula, soju (pombe kali ya Kikorea) vijiko vitatu, na maji ya tangawizi iliyokamuliwa kijiko kimoja.

Ninyi msiotumia kilevi, kama mimi, soju isiwazuie. Nilimweleza mwalimu mapema, wala hakushangaa. Soju ina kazi mbili humo: inauzuia unga usijenge ule mnato unaoifanya chapati ivutike, na ikikutana na mafuta ya moto inavukia upesi, ikiacha nafasi kati ya tabaka. Mimi nilitumia maji kiasi kilekile na robo kijiko cha chai cha beking pauda (si hamira, tafadhali). Tabaka zangu hazikufunguka kama za binti tuliyekaa naye meza moja, lakini zilifunguka. Kitu cha kuangalia ni maji: ongeza hatua kwa hatua, maana yenyewe hayana huruma kama soju. Yakizidi, unga unanata na utashawishika kukanda.

Anza kwa kuchekecha unga na viungo. Mwaga mafuta ya ufuta, kisha fikicha. Si kukanda, kufikicha: chukua unga kati ya viganja viwili, usugue kama mtu anayepasha mikono baridi, uache udondoke. Fanya hivyo mpaka unga wote ubadilike rangi, uwe kama mchanga wa pwani wenye unyevu, usiwe na vidonge vya mafuta. Kisha upitishe tena kwenye chekeche. Hatua hii ya pili watu wengi wanairuka nyumbani. Usiruke. Mafuta yakizunguka kila chembe ya unga, maji hayaifikii vizuri, na unga usiofikiwa na maji haujengi mnato. Ndiyo siri ya ulaini wote.

Halafu mwagia ule mchanganyiko wa asali. Hapa ndipo niliponaswa. Tumia mwiko bapa, au vidole vilivyonyooka, ukate na kukusanya, ukate na kukusanya. Unga utaonekana mkaidi, una mipasuko, una sehemu kavu. Uache hivyo. Ukishaona hakuna unga mkavu chini ya bakuli, acha. Ukiona unga laini unaong'aa kama wa maandazi, umeshachelewa; yale niliyoyakanda mwanzo mwalimu aliyakaanga makusudi ili nione, na yalitoka magumu, yamefunga, hayakunywa shira hata kidogo.

Uweke ubaoni, uubane uwe bonge bapa, ukate katikati kwa kisu, upandanishe nusu moja juu ya nyingine, ubonyeze. Rudia mara tatu. Kila ukikata na kupandanisha unazaa tabaka, bila kukanda. Funika, upumzike dakika thelathini.

Ni katika dakika hizo thelathini mwalimu alitusimulia habari iliyonifurahisha kuliko zote. Wakati wa ufalme wa Goryeo, Wabuddha walipokuwa wengi na nyama haikupendelewa kwenye ibada, vitamu hivi vya mafuta na asali vilipanda chati kiasi cha kula akiba ya nchi: ngano, asali, mafuta, vyote vya thamani. Mwaka 1192 ikatoka amri vipigwe marufuku, watu watumie matunda ya miti badala yake. Haikutosha, kwani mwaka 1353, chini ya mfalme Gongmin, marufuku ikatolewa tena. Mtu akipiga marufuku kitu mara mbili ujue mara ya kwanza hakusikilizwa. Zamani hizo, alisema, yakgwa zilifinyangwa kwa maumbo ya ndege na samaki. Baadaye zikawa za mviringo, kisha za pembe nne, kwa sababu kwenye meza ya ibada vitamu hupangwa kimnara, na samaki hapangiki.

Yule binti wa meza yangu, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akiniita eonni, yaani dada, alicheka. Yeye alikuja kwa sababu nyingine kabisa. Miaka ya karibuni vijana wa Korea wamevirudia vitamu vya bibi zao, na yakgwa za baadhi ya maduka zikawa zinakwisha mtandaoni ndani ya dakika chache, mpaka likazuka neno "yakketing": kugombea yakgwa kama mtu anavyogombea tiketi za tamasha. Alikuwa amegombea mara nne akakosa zote. "Nikaona bora nijue kuzitengeneza," akasema, huku akipiga picha bonge la unga lililofunikwa.

Sukuma unga kwa kifimbo cha chapati hadi unene wa sentimita moja. Usikonde zaidi. Kata vipande vya pembe nne vya sentimita tatu na nusu hivi, kisha toboa kila kimoja katikati kwa kijiti, ili moto upenye ndani. Umbo hili la pembe nne lenye tabaka ndilo linalohusishwa na Kaesong, mji mkuu wa zamani wa Goryeo, ambao leo uko Korea Kaskazini. Lile la maua, linalobanwa kwenye kibao cha mbao chenye nakshi, huitwa yakgwa ya kasri. Ni zuri machoni, ila kwa anayeanza ningesema aliache: unapobana unga kwenye kibao tabaka zinapotea, na usipopaka mafuta kwenye kibao, ua lako litabaki humo bila petali mbili.

Kwenye mafuta, nenda pole kuliko unavyodhani ni pole. Mafuta ya kupikia yasiyo na harufu, kina cha kuzidi kipande mara tatu, moto mdogo, nyuzi 100 hadi 110. Kama huna kipimajoto, dondosha kipande kidogo cha unga: kizame hadi chini, kikae, kisha vipovu vidogo vianze kutoka kimoja kimoja. Kikipanda juu mara moja kwa kelele, kama kaimati, mafuta ni moto mno. Zima jiko usubiri. Mimi sikusubiri. Unga huu una asali, na asali inawahi kuungua. Vipande vyangu vitatu vilikuwa rangi ya mkaa nje baada ya muda mfupi, na ndani unga mbichi kabisa.

Ziache zilale chini. Zitapanda zenyewe baada ya dakika kadhaa, na hapo utaona ubavuni tabaka zinaanza kuachana kama kurasa za kitabu kilicholoa. Zigeuze polepole. Dakika kumi hadi kumi na tano kwenye moto huo mdogo, hadi ziwe zimefumuka na bado ni nyeupe nyeupe. Ndipo upandishe moto hadi nyuzi 140 au 150, uzigeuze mara kwa mara, mpaka zishike rangi ya mdalasini pande zote. Hatua ya kwanza inafungua, ya pili inakausha na kuleta rangi. Ukiruka ya pili zitabaki na mafuta ndani, na mafuta yakikaa ndani shira haipati pa kuingia.

Zitoe, uzisimamishe wima kwenye waya, zisilale, ili mafuta yachuruzike kati ya tabaka.

Shira uwe umeitengeneza kabla. Wao wanatumia jocheong, asali ya nafaka itokanayo na wali na shayiri iliyooteshwa. Nzito, kahawia, utamu wake haukerehi. Gramu 300 za jocheong, maji robo kikombe, vipande vyembamba vya tangawizi kama kidole gumba kimoja, na kijiti cha mdalasini. Moto mdogo, ikianza kuchemka ihesabie dakika tano, epua, na ndipo uongeze vijiko viwili vya asali. Asali usiichemshe, harufu yake inaondoka na mvuke. Wala usikoroge inapochemka. Usipopata jocheong, tumia asali tupu iliyolegezwa kwa maji kidogo ya moto, ingawa utamu utakuwa mkali zaidi.

Yakgwa ziwe bado za moto, shira iwe imepoa. Ukizitumbukiza utasikia sauti ndogo, kama mtu anayevuta chai kwenye kisosi. Zilowe kwa muda wa saa nne hadi sita, ukizigeuza mara moja. Mimi hulaza usiku kucha. Darasani hakuna muda huo, kwa hiyo utaondoka na chombo chenye yakgwa zinazoogelea, na utazibeba kwenye treni kama mtu aliyebeba samaki hai. Usizile siku hiyo. Najua. Nilikula moja kwenye ngazi za kituo cha Anguk na ilikuwa ngumu katikati, tamu nje, bure kabisa. Ya asubuhi yake ilikuwa kitu kingine.

Zikishashiba, zitoe zichuruzike juu ya waya nusu siku, kisha nyunyizia mbegu za msonobari zilizokatwakatwa. Kwenye chombo kilichofungwa zinakaa wiki moja bila shida. Kwenye friza zinakaa zaidi, na zikitoka huko zinavutika vizuri, bila kuwa mawe. Yule binti ananiambia yeye huzipasha kidogo na kuziwekea aiskrimu ya vanila juu. Nimejaribu. Sina la kumpinga.

Na shira itakayobaki kwenye chombo, yenye mafuta kidogo ya ufuta na vipande vya tangawizi, usiimwage. Kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji ya moto.