Kabla Hujalipa Karo ya Digrii ya Kompyuta, Soma Orodha ya Masomo

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, yakitoka tu, simu yangu haipumziki. Binamu, jirani wa ploti, mama wa duka la chini, wote na swali moja: kijana anapenda kompyuta, tumpeleke wapi? Kazi yangu ni kutunza mifumo ya kompyuta katika ofisi moja hapa mjini, na kila mwaka naletewa wanafunzi wa atachimenti, yaani mazoezi ya kazini, kwa hiyo naona wanavyofika na walichokosa. Basi naandika mara moja, msome, mniache nilale.

Usichague kozi kwa jina. Kuna Sayansi ya Kompyuta, kuna Teknolojia ya Habari, kuna BBIT inayochanganya na biashara, na kwa wanaokwenda kusomea India kuna BCA, digrii ya matumizi ya kompyuta, ambayo kwa kawaida huchukua miaka mitatu, wakati digrii nyingi za hapa ni minne. Majina mengi, lakini masomo ya msingi ni yaleyale: hesabu za kompyuta, kuandika programu kwa lugha ya C, miundo ya data, mpangilio wa kompyuta kwa ndani, mfumo endeshi (kama Windows), hifadhidata, mitandao, uhandisi wa programu, na mradi wa mwisho. Kinachotofautiana ni vipimo. BBIT itakuongezea uhasibu na usimamizi, Sayansi ya Kompyuta itakuongezea hesabu. Na kama unakwenda nje, ulizia kwanza digrii hiyo itatambuliwaje ukirudi, kabla ya kuulizia bei ya tiketi.

Hii si kozi ya pakeji. Kama anachopenda kijana ni Word, Excel na kutengeneza kadi za harusi, kuna vyuo vinavyofundisha hayo kwa miezi michache na kwa pesa kidogo. Msimtese.

Hakikisha chuo kimeidhinishwa. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ina orodha yake mtandaoni, na nafasi za serikali hupitia KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo. Ukiambiwa kibali "kinashughulikiwa", rudi nyumbani.

Laptopi: RAM gigabaiti 8, diski ya SSD, betri inayodumu. Rangi haina kazi. Ukinunua iliyotumika kule Luthuli au Moi Avenue, iwashe mbele ya muuzaji, chomoa chaja, ikae dakika 20 huku mkipiga stori. Ikizima, mrudishie na uondoke.

Hesabu sasa. Hapa wengi hudanganywa kwamba kompyuta ni ya kubonyeza tu. Mwaka wa kwanza utakutana na seti, mantiki, mahusiano, grafu, njia za kuhesabu mipangilio, na uthibitisho wa hatua kwa hatua. Ile mantiki ya kweli na si kweli aliyoandikia kitabu mwanahesabu George Boole mwaka 1854 ndiyo utakayoikuta tena kwenye saketi za kompyuta, kwenye masharti ya programu, na kwenye maswali ya hifadhidata. Matrisi na uwezekano ulivyoviona sekondari havijakuacha pia. Kama ulipita hesabu kwa kukariri fomula, fufua daftari mapema.

Na C. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo palipomuuma dada yangu.

Mpwa wangu alijiunga na chuo kimoja cha kibinafsi hapa Nairobi akiwa na B ya hesabu. Muhula wa kwanza C ikafundishwa kwa slaidi ukutani, maabara ikawa na mashine chache kuliko wanafunzi, na mtihani ukaandikwa kwa kalamu. Kijana akafanya walichofanya wenzake: akatafuta mitihani ya miaka iliyopita, akakariri programu neno kwa neno mpaka nukta na mikato yake. Akapita. Nyumbani kuku akachinjwa.

Mwaka wa pili likaja somo la miundo ya data, na ndani yake pointa. Kigeu ni nafasi yenye jina ya kuwekea data, na pointa ni kigeu kisichobeba kitu chenyewe, kinabeba anwani ya mahali kitu kilipo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kwa pointa ndipo hujengwa orodha iliyounganishwa. Fikiria foleni ya kliniki: unafika, unauliza "Nimfuate nani?", unaonyeshwa mtu, unakwenda kukaa popote kwenye benchi. Kila mmoja anamjua mmoja tu, yule aliye mbele yake. Sasa wa katikati akichoka akaenda zake bila kumwambia anayemfuata "wewe sasa mfuate yule mzee wa koti", foleni imekatika, na wote walio nyuma hawajui zamu yao iko wapi. Programu ya C iko hivyohivyo. Ukifuta kipengele kabla ya kuhifadhi anwani kiliyokuwa kimeishika, vilivyobaki umevipoteza, na mara nyingi programu inakufa kwa maneno mawili kwenye skrini bila kukwambia kosa liko mstari gani.

Akaja kwangu Jumapili moja na laptopi yake. "Mjomba, hii kitu inakataa, na nimeandika vile iko kwa noti." Nikaangalia. Mistari yote ilikuwepo, ila miwili ilikuwa imepishana: ameachilia kumbukumbu kwanza, halafu ndipo anataka kusoma anwani ya kinachofuata. Nikampa karatasi, nikamwambia achore visanduku na mishale, kila sanduku lionyeshe linaelekea wapi. Mshale wa kwanza alichora. Wa pili kalamu ikasimama. Kijana si mjinga. Hakuwahi hata siku moja kuandika programu yake mwenyewe ikamkatalia, akaketi nayo mpaka aone kosa liko wapi.

Akaanguka. Akafanya sapu, yaani mtihani wa marudio, akaanguka tena, ikabidi alirudie somo zima. Na hapo ndipo tulipojua kwamba chuoni kwao somo hilo hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, muhula wa Septemba. Na bila kulipita hilo, haruhusiwi kujiandikisha kwa algorithimu, wala mfumo endeshi, wala hifadhidata ya pili. Mwaka mzima akawa anasoma vipande viwili vitatu vilivyobaki, wenzake wako atachimenti, kodi ya bedsita ya Githurai inalipwa vilevile kila tarehe tano. Dada yangu anauza mitumba Gikomba. Alinipigia akauliza, "Kwani anarudia nini, na ni kompyuta tu?" Nikakosa jibu fupi la kumpa.

Ofisini tulijibiwa kwamba masharti hayo yote yameandikwa kwenye kitabu cha mwongozo wa kozi. Ni kweli, yameandikwa. Siku ya kulipa tulipewa namba ya akaunti ya benki, kitabu hatukupewa.

Kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Kabla ya kulipa shilingi, dai orodha kamili ya masomo, muhula kwa muhula, ikionyesha somo gani linatangulia lipi. Keti na kijana, chukueni karatasi, chora mshale kutoka kila somo hadi linalolitegemea. Mtaona wenyewe kwamba mishale mingi inatoka kwenye masomo machache ya mwaka wa kwanza, na C haikosi. Kisha mwende mkaulize idara, si yule wa mapokezi: somo likinishinda, linafundishwa tena lini, na kwa karo gani? Maabara inafunguliwa saa ngapi, na mwanafunzi anapata mashine yake peke yake? Mtihani wa programu unafanyiwa kwenye mashine au karatasini? Anayewajibu akianza kuwaonyesha basi jipya la chuo, mshukuruni mwondoke.

Na wewe kijana, kati ya matokeo na siku ya kuripoti kuna miezi. Usiimalizie kwenye michezo ya simu. Kompaila ya C, programu inayogeuza ulichoandika kiwe lugha ya mashine, ni bure, na C yenyewe haijabadilika sana tangu Dennis Ritchie alipoitengeneza pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hivyo hata kitabu cha zamani kitakufaa. Andika programu ya kurudisha chenji ya matatu: abiria kumi na wanne, nauli 80, huyu katoa 200, yule katoa 1000, noti gani zirudi. Andika ya kugeuza neno lisomeke kinyume. Iharibu makusudi, uone inavyolia, uitengeneze. Ukifika darasani, slaidi za mwalimu zitakuwa zinakukumbusha tu.

Yaliyobaki nitayapitia mbio.

Mpangilio wa kompyuta ni namba za msingi wa 2 na wa 16, milango ya mantiki, na safari ya amri kutoka kwenye kumbukumbu hadi kwenye prosesa. Jifunze kubadilisha namba kwa kalamu, maana kikokotoo si kila mara kinaruhusiwa.

Mfumo endeshi: weka Linux kwenye laptopi yako mwaka wa kwanza, usingoje mwaka wa tatu. Ni bure tangu Linus Torvalds alipoitoa mwaka 1991, na ukishazoea kuona michakato, yaani programu zinazoendelea kufanya kazi, ikigombania prosesa na kumbukumbu kwenye mashine yako, somo linaingia lenyewe. Ule mkwamo ambapo mchakato mmoja umeshika faili na unangoja printa, na mwingine umeshika printa na unangoja faili, hauhitaji kukaririwa.

Hifadhidata ndiyo inayolipa haraka zaidi mjini hapa, kwa maoni yangu, na ndiyo wanafunzi wangu huichukulia rahisi. Edgar Codd wa IBM alichapisha mwaka 1970 wazo la kupanga data katika majedwali yenye uhusiano, na mpaka leo ofisi zetu zinaendeshwa kwa wazo hilo. Lakini naletewa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, namwambia apange data ya wateja na oda zao, ananipa jedwali moja lenye jina na namba ya simu ya mteja kwenye kila oda. Mteja akibadilisha laini, utarekebisha mistari mia, na miwili utaisahau. Jifunze kugawanya majedwali. Jifunze SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kwa mkono, si kwa kubonyeza. Na uelewe muamala, yaani hatua kadhaa zinazohesabiwa kama moja: ukimtumia mtu shilingi 500, pesa itoke kwako na iingie kwake, yote mawili au hata moja lisifanyike, hata umeme ukipotea katikati. Kila Mkenya mwenye simu anaitegemea kanuni hiyo, wachache wanaweza kuiandika.

Mitandao: tabaka saba za OSI, mfano unaogawanya kazi ya mtandao, watakukaririsha, sawa, lakini swali linaloangusha watu ni la kugawanya anwani. Anwani ya IPv4, namba inayotambulisha mashine kwenye mtandao, ina biti 32. Ukipewa mtandao wa /26, yaani biti 26 za mwanzo ni za mtandao, umebakiwa na biti 6 za mashine, yaani anwani 64, na za kutumia ni 62, kwa kuwa ya kwanza ni ya mtandao wenyewe na ya mwisho ni ya kutangazia wote. Fanya hesabu hiyo mpaka uifanye ukiwa umesimama kwenye matatu.

Lugha ya Java na programu za vitu (object-oriented) utazielewa kama C ilikukaa. Tovuti, vilevile. Uhandisi wa programu unaonekana wa porojo hadi siku mteja atakapobadilisha nia mara ya tatu. Uhasibu na mawasiliano msividharau, vinaharibu wastani wa watu wazuri kabisa.

Atachimenti ianze kutafutwa muhula mmoja kabla, si wiki ya mwisho, na barua ya chuo iwe na muhuri. Ukiipata, jaza logibuku, daftari la kazi zako za kila siku, kila jioni. Nimeshaombwa nisaini ya miezi mitatu kwa siku moja, nikakataa.

Mradi wa mwisho usinunue. Wapo wanaouza tayari, pamoja na ripoti. Siku ya kuutetea, mhadhiri atakwambia tu, "Ongeza sehemu ya tarehe ya kuzaliwa hapo," akunje mikono akutazame. Na ukikusanya data za watu halisi kwa ajili ya mradi, kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Majina na namba za wagonjwa wa kliniki ya shangazi yako si mali yako ya kuonyesha darasani.

Weka nakala ya kazi yako mahali pawili, na flashi moja si mahali pawili. Hifadhi karatasi za majaribio zilizosahihishwa hadi siku ya kuhitimu, maana alama hupotea na wa kuthibitisha ni wewe. Saini orodha ya chumba cha mtihani hata kama una haraka. Risiti za karo zipige picha. Usimpe mtu nenosiri la akaunti yako ya chuo, hata yule mnayekaa naye chumba kimoja. Na laptopi ukipanda nayo matatu jioni, usiiweke upande wa dirisha lililo wazi.